Kisanduku Hakikai Kitupu

Nchi yetu ni njema, na yeyote atakayedai nimesema vinginevyo, Mungu anamwona. Nimeitanguliza sentensi hiyo kwa makusudi, kwa sababu siku hizi kinachosomwa ni cha mbele tu. Jina la nchi sitalitaja. Wenyewe mnaijua, na kama hamuijui basi mna bahati, kaeni hivyo hivyo.

Mimi nauza chapati na maharage. Kibanda changu kimeshikana ukuta na duka la Fundi Kondo Mbwera, mshonaji, mtu mpole mpaka anaudhi. Kondo akikukanyaga anakuomba radhi, na ukimkanyaga wewe anakuomba radhi vilevile. Mkewe, Saumu, ni shoga yangu tangu tukiwa wasichana, na ulimi wake ndio uliokuwa ukiwalinda wote wawili.

Zamani, kabla ya Mnyoosho, serikali yetu ilikuwa ikisoma barua za watu. Jamani, hebu fikiria! Mtu mzima, ana mshahara, anavaa miwani, anakaa kitako, anasoma barua ya mtu asiyemjua kuanzia juu hadi chini. Nchi gani itaendelea hivyo? Ndipo Waziri wa Nyaraka, Mheshimiwa Daktari Mwinyikambi, akatuletea mashine. Tuliitwa uwanjani, tukapewa fulana, naye akasimama jukwaani akiwa amefungwa skafu mbili.

"Ndugu wananchi!" akanguruma. "Adui wa taifa hili si njaa wala maradhi. Adui ni maelezo! Mwananchi anaulizwa jambo moja, anaeleza kumi. Kuanzia leo kila hati itaingia kwenye Mnyoosho ikiwa imepinda, na itatoka imenyooka. Mashine itachukua kinachotakiwa, itakiweka kwenye visanduku vyake, na yaliyobaki itayatupa. Na hakuna kisanduku kitakachokaa kitupu! Kisanduku kitupu ni dalili ya serikali iliyolala. Je, serikali yenu imelala?"

"Haijalala!" tukaitikia, maana fulana zilikuwa nzuri kweli.

Ikawa hivyo. Ukipeleka karatasi yoyote ofisini, inaingia upande mmoja, na upande wa pili inatoka nyingine safi yenye visanduku vilivyojaa. Mnyoosho ukikosa neno la kuweka mahali fulani, unachukua lililo karibu. Mzee Ngwali wa mtaa wa pili alipeleka cheti chake cha hospitali, na kisanduku cha Cheo kikakosa cha kujazwa, kwa kuwa mzee wa watu hajawahi kuwa na cheo hata cha msikitini. Basi mpaka leo askari wa getini humpigia saluti na kumwita Mheshimiwa Kikohozi Kikavu. Mwenyewe ameshazoea, anapunga mkono.

Tulicheka sana mwaka ule.

Kisha Fundi Kondo akaibiwa cherehani. Alifika dukani asubuhi akakuta kufuli limekatwa na meza iko tupu. Alilia, sitaficha. Cherehani ile aliachiwa na mama yake. Nikafunga kibanda nikamsindikiza kituoni, na Saumu nyuma yetu akiwalaani wezi wa dunia nzima.

Sajini Bwire aliandika maelezo vizuri tu, kwa kalamu. Jina la mlalamikaji, Kondo Mbwera. Kilichoibwa, cherehani. Mali ya nani, ya Kondo Mbwera.

"Mwizi nani?"

"Simjui, afande."

"Basi naandika hajulikani." Akaandika, akaingiza karatasi kwenye Mnyoosho wa kituo, tukarudi nyumbani tukiwa na matumaini.

Kesho yake Sajini akaja dukani na pingu.

"Fundi, umepatikana," akasema.

Kondo akatabasamu. "Imepatikana, afande? Alhamdulillah."

"Si cherehani. Wewe." Akafungua karatasi iliyonyooka akatusomea. Kosa: wizi wa cherehani. Mwenye mali: Kondo Mbwera. Mkosaji: Kondo Mbwera. Mnyoosho uliambiwa kisanduku cha Mkosaji kisikae kitupu, na "hajulikani" si jina la mtu. Ukatafuta jina kwenye karatasi, na jina lilikuwa moja tu.

"Afande," Kondo akasema kwa upole wake ule ule, "si wewe jana uliyeniandikia maelezo?"

"Ndiye mimi. Na nilikuonea huruma sana, kumbe nilikuwa naongea na mwizi."

Saumu akaruka. "We mwanamume una akili timamu? Mtu anajiibiaje?"

"Ndiyo maana kosa ni zito, mama," Sajini akajibu. "Kamwibia mtu aliyekuwa akimwamini kuliko wote."

Wakamchukua. Hakimu alichukua muda mfupi kuliko wa kugeuza chapati, kwa sababu naye husoma visanduku tu. Cherehani yenyewe ilikuwa ikisikika nyuma ya kituo cha polisi kila jioni, ikishona, lakini mimi si mtu wa kusikiliza sikiliza mambo ya serikali.

Sheria inamruhusu mfungwa kumwandikia Waziri barua ya rufaa. Kondo akaandika, na kabla ya kuituma akamsomea Saumu kwenye dirisha la wageni. Nami nilikuwepo, nimebeba kikapu.

Sasa hapa inabidi ujue jinsi tulivyolelewa sisi. Kwetu mtu hauvamii msiba kwa miguu yote miwili. Ukiulizwa habari, kwanza unajibu ni nzuri. Nyumba ikiungua moto, jirani akikuuliza habari za hapo, unasema, "Njema tu, jirani, ila nyumba inaungua." Ukianza na moto utaonekana huna mama. Na Kondo alikuwa na mama, tena mkali wa adabu.

Kwa hiyo aliandika hivi: "Mheshimiwa Waziri, shikamoo. Natumaini hujambo pamoja na familia yako. Mimi huku gerezani sijambo, namshukuru Mungu, ila nimefungwa kwa kuiba cherehani yangu mwenyewe, jambo ambalo sikulifanya, na ninakuomba unitoe." Baada ya hapo akaeleza kisa chote, ukurasa mzima, kwa mwandiko mzuri. Nilitokwa na machozi.

Jibu likaja upesi, maana serikali yetu haichelewi siku hizi. Mnyoosho ulikuwa umechukua kilichotakiwa. Hali: hajambo. Shukrani: ipo. Yote yaliyofuata baada ya "ila" yaliingia kwenye yaliyobaki, na yaliyobaki hutupwa. Ombi lake lilikuwa humo humo kwenye yaliyotupwa, kwa hiyo Mnyoosho ukajaza wenyewe: Ombi: kuendelea.

Chini Waziri alikuwa ametia sahihi kwa mkono wake mwenyewe. "Tumefurahi kusikia hujambo. Ombi lako la kuendelea limekubaliwa."

Saumu aliisoma ile karatasi akakaa chini, pale pale kwenye vumbi la geti. Nikamwinua.

"Safari hii hakuna cha salamu," akamwambia mumewe wiki iliyofuata. "Anza na shida. Nateseka, nitoeni, nukta."

"Saumu, nimwandikie mtu mzima bila hata shikamoo? Wataniona sikulelewa."

"Wewe ukifia humu, hayo malezi yako nitayapikia mboga gani?"

Akaandika. Nasikia alikaa na kalamu mchana kutwa, jasho likimtoka, kama mtu anayeambiwa avue nguo sokoni. Barua ikarudi na muhuri mwekundu. Kisanduku cha Salamu kilikosa kabisa cha kujazwa, na karibu yake hapakuwa na neno lolote lenye adabu. Kwa hiyo hati si kamili na mwandishi amekosa heshima, aongezewe mwaka wa mafunzo ya maadili.

Ah! Hapo hata mimi, niliye raia mwema, nilitukana. Nilitukana kimoyomoyo.

Barua ya tatu tuliitunga pamoja, Saumu na mimi, usiku kucha mpaka maharage yangu yakaungua. Tukaweka salamu, ili kisanduku kile kishibe, kisha tukaandika waziwazi: "Hali yangu ni mbaya." Tulijiona wajanja kweli. Hatukujua kwamba kisanduku cha Hali hupokea maneno mawili tu, Nzuri na Nzuri Sana, kwa kuwa wataalamu waliotengeneza orodha walikaa hotelini walipokuwa wakiitengeneza na hawakuona haja ya neno la tatu. Mnyoosho ulipokutana na "mbaya" ulisitasita kidogo. Baadaye ukaona mtu huyu anataka kusema jambo la nguvu ambalo "Nzuri" peke yake halitoshi.

Hali: Nzuri Sana.

Redio ikatangaza kwamba kwa mara ya kwanza katika historia mfungwa ameandika rufaa akiwa na hali nzuri sana. Fundi Kondo Mbwera akateuliwa Mfungwa wa Mwaka. Waziri mwenyewe angefika gerezani kumvisha nishani, na kumpandisha daraja kutoka mfungwa wa muda hadi mkazi wa kudumu.

Sherehe ilifana. Mimi ndiye niliyepewa tenda ya chapati, na nilizipika vizuri, Mungu anisamehe. Kondo alisimama mbele amekonda, kola ya sare ya gereza ikimpwaya shingoni, na alipoona sare yake imeshonwa vibaya begani nilimwona akiigusa kwa kidole, ufundi haujamtoka. Waziri akahutubia kwa muda mrefu dhidi ya hotuba ndefu. Alipomaliza, akaomba kumwona mke wa shujaa.

Saumu akasogea mbele. Tulikuwa tumejipanga. Maneno alikuwa nayo mdomoni tangu alfajiri, na watu wote walikuwa kimya, na hapakuwa na mashine katikati yao. Nilisema moyoni, leo ndiyo leo.

"Shikamoo, Mheshimiwa."

"Marahaba, mama. Habari za nyumbani?"

"Nzuri, Mheshimiwa, ila..."

"Nzuri!" Waziri akapaza sauti na kuinua mkono wake juu. "Mmesikia wenyewe! Nzuri!" Bendi ikapiga, watu wakashangilia, na Waziri akaondoka na skafu zake.

Saumu alibaki amejiziba mdomo kwa kiganja. "Nimesema nzuri," akaniambia. "Mimi mwenyewe, shoga yangu. Imetoka yenyewe." Nikamkumbatia. Kule nyuma ya uzio Kondo alikuwa akitupungia mkono asituvunje moyo.

Aliyetuhurumia ni Bwana Ligate, Afisa Mwandamizi wa Kuzuia Utupu pale wizarani. Tulimfuata dirishani kwake kila siku mpaka akachoka kutuona. Akatazama kulia, akatazama kushoto, akainamisha kichwa.

"Mama, sikiliza. Rufaa haitamtoa mtu. Haijawahi kumtoa mtu. Kinachomshikilia mumeo ni kisanduku cha Mkosaji. Hakiwezi kukaa kitupu. Lakini kinaweza kubadilishwa. Lete jina lingine. Likiingia hilo, lake linatoka."

"Jina la mwizi?" Saumu akauliza. "Basi andika Sajini Bwire. Cherehani anayo, mtaa mzima unaisikia."

Ligate akakohoa. "Majina ya watumishi Mnyoosho umeelekezwa uyaruke, kwa heshima. Lete la raia wa kawaida, aliye hai, mtu mzima. Majina yote mawili, lake na la baba yake."

"Raia yupi?"

"Hilo Mnyoosho hauulizi, mama. Na ujue jina likishatoka halirudi tena kwenye kosa lile lile. Haupokei kitu mara mbili." Akateremsha pazia la dirisha lake.

Tulirudi kwa miguu. Nilikuwa nikijiambia kwamba Saumu namjua tangu utoto, na kwamba yeye ananijua, na kwamba hata jina kamili la baba yangu analijua. Nilitembea nyuma yake kidogo.

Sijui nani aliyeeneza habari. Kwa kweli najua, ni mimi, lakini nilimwambia mtu mmoja tu. Kabla jua halijazama mtaa mzima ulikuwa unajua kwamba Saumu anatafuta jina.

Basi uje uone mapenzi! Watu ambao tangu Kondo afungwe walikuwa wakivuka barabara wasikutane na mkewe, sasa walimiminika kumjulia hali. Huyu kaleta unga, yule kuni, mwingine kamrudishia sufuria aliyoazima miaka nenda rudi akidai imepotea. Mama Tausi, aliyegombana naye kwa ajili ya maji ya kufulia, alikuja akamfulia. Mzee Ngwali alikuja na fimbo yake akamkumbusha kwamba yeye ni Mheshimiwa Kikohozi Kikavu, na kwa hiyo huenda akahesabiwa mtumishi. Nami nikampelekea pilau, sahani imejaa, na nyama juu.

"Mbona pilau?" akaniuliza. "Leo ni sikukuu gani?"

"Nimekukumbuka tu, shoga."

Akaniangalia. Nilitamani ardhi inimeze. Alikuwa ananijua mtu huyu, tangu tukichezea mchanga pamoja. "Kaa ule nami," akasema, na tukala. Hakuna hata mmoja wetu, katika mtaa mzima, aliyesema, "Saumu, andika langu." Wala mimi sikusema. Niliosha mikono, nikaaga.

Kesho yake akatoka amevaa khanga zake za kutokea, doti ambayo Kondo alimnunulia mwaka ule wa kwanza wa ndoa. Mkononi alikuwa na karatasi iliyokunjwa. Alipita katikati ya mtaa polepole akisalimia kila mlango, na kila mlango ulimjibu kwa heshima kubwa. Akaelekea wizarani.

Mchana ule hatukufanya biashara. Tulikaa barazani tukisikiliza kama gari la polisi linakuja, na kila mmoja akimtazama mwenzake, akikumbuka nani alimkosea Saumu zaidi. Mama Tausi alifunga mizigo. Mimi nilipanga nguo zangu mbili kwenye mfuko, nikaongeza na sabuni, maana gerezani hawatoi sabuni.

Alasiri akatokea Kondo. Peke yake, kwa miguu, amevaa suruali ile aliyokamatwa nayo. Tulimkimbilia, tukampa mikono, tukapiga vigelegele. Ameachiwa! Mungu mkubwa! Yeye alikuwa akiangalia juu ya vichwa vyetu, kwenye mlango wa nyumba yake.

"Saumu yuko wapi?" akauliza.

Hatukuwa tunajua. Kisha tukajua, wote kwa pamoja, na vigelegele vikakatika. Saumu Athumani Kirobo. Majina yote mawili na la babu juu, ili pasiwe na shaka. Alikuwa amekaa na karatasi ile mtaa mzima ukimpikia na kumfulia, na hakuona hata mmoja wetu wa kumwandika.

Nitasema ukweli, kwa kuwa nishaanza. Kwanza nilifurahi. Nilisikia mwili mzima umelegea kwa nafuu, nikaenda nyuma ya kibanda nikakunjua nguo zangu. Kulia nililia baadaye, na nililia sana, lakini kilio kilikuja cha pili.

Kondo hakulala ndani. Alikaa kizingitini. Kulipopambazuka alikwenda wizarani kuomba wamrudishe yeye na kumtoa mkewe. Bwana Ligate akamwambia kwa masikitiko kwamba jina lake limeshatumika. Likatafutwe jingine.

Leo asubuhi ametoka nyumbani kwake na kalamu na karatasi. Kondo, ambaye akikanyagwa anaomba radhi. Anapita mlango kwa mlango, na namsikia kutoka humu ndani.

"Hodi, jirani. Hamjambo?"

"Hatujambo, Fundi."

"Habari za hapa?"

"Nzuri tu."

"Tumshukuru Mungu. Samahani sana, jirani, nisamehe kwa usumbufu. Hivi jina lako kamili, pamoja na la baba, ni nani vile?"

Mlango unafungwa. Naye anauomba radhi mlango, anakwenda unaofuata.

Kama umegundua kwamba tangu nianze kukusimulia sijataja jina langu, usidhani ni majivuno. Wala usiliulize kwa watu.

Sasa amefika kwangu. Anabisha kwa vidole viwili, taratibu, kama alivyofundishwa. "Hodi," anasema. "Hodi hapa. Shemeji, upo?" Moshi wa jiko langu anauona, anajua nipo. Katika maisha yangu yote hakuna aliyewahi kupiga hodi mlangoni kwangu nisimwitikie karibu, hata mdai, hata mgonjwa, hata mwehu wa sokoni. Nimejibanza nyuma ya gunia la unga, nimeziba mdomo kwa kiganja.

"Hodi," anasema tena.